Kuongeza presha ya turbo kwenye Impreza hapa Lubumbashi: nianzie wapi ili nisiue injini?

Mkazi_wa_Katuba, Lubumbashi

Wazee wangu na ndugu zangu, hamjambo. Nina Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005, iliyotengenezwa kwa soko la Japani, injini ya lita 2.0. Iliteremshwa Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa kama magari mengi ya usukani wa kulia tunayoyaendesha hapa upande usio wake. Nimekaa nayo miezi saba. Aliyekuwa nayo kabla yangu alifunga bomba pana la moshi, tena mipira yote midogo ya turbo aliibadilisha akaweka ya silikoni ya buluu. Vitu vingine naamini ni vya kiwandani.

Mwezi uliopita nilifunga geji ya presha ya turbo. Ni geji ya Kijapani, inasoma kwa kilo kwa sentimita ya mraba. Nikikanyaga mafuta mpaka chini katika gia ya nne, sindano hupanda hadi 0.65 ikakaa hapo, haitikisiki. Wenye gari kama langu Japani na Uingereza wanaonyesha 1.1 na kuendelea bila kugusa kitu. Gari halitoi moshi, halinywi oili, linawaka vizuri asubuhi, ila nguvu niliyoilipia siioni.

Fundi mmoja alinifungia valvu ya skrubu kwa dola 80, ile inayokatisha mpira mdogo wa turbo, akaniambia kila nikikaza nusu mzunguko nitaongeza presha. Siku ya Jumamosi nilikuwa barabara ya Likasi, gia ya tatu, sindano ikaruka hadi kupita 1.5, na papo hapo gari likakatika kana kwamba mtu amezima ufunguo. Vichwa vyetu vilikwenda mbele, likashika, likakatika tena. Niliegesha kando, nikaitoa valvu hiyo hapo hapo na kurudisha mipira kama nilivyoikuta.

Ninachoomba kujua ni hiki: nifuate njia gani kuifikisha turbo kwenye 1.2 kwa usalama, nipime nini kabla na nini baadaye, na je, esansi yetu ya hapa inaruhusu jambo hilo?

Fundi_Kamalondo, Lubumbashi

Mdogo wangu, ulifanya vema kuitoa valvu hiyo kabla ya kufika Likasi. Gari lilipokatika, kompyuta ndiyo iliyofunga mafuta kwa makusudi, kwa sababu presha ilipita kikomo kilichowekwa kiwandani. Wako wanaouza kifaa cha kuidanganya kompyuta isiione presha hiyo. Ukikutana nacho, mwachie mwenyewe.

Kabla ya kuongeza chochote ni lazima tujue kwa nini unapata 0.65, maana namba hiyo inanitia shaka kuliko ile 1.5. Turbo huzungushwa na moshi wa injini, na isipozuiwa itazidi kukimbia na kusukuma hewa mpaka kitu kivunjike. Kizuizi chake ni mlango mdogo upande wa moshi, ambao mafundi huuita westigeti. Ukifunguka, sehemu ya moshi hupita pembeni bila kuigusa turbini, yaani gurudumu la turbo linalosukumwa na moshi. Mlango huo husukumwa na kopo lenye springi na kiwambo ndani yake, nalo kopo hupata hewa kutoka kwenye turbo yenyewe kwa mpira mdogo. Hewa ikiishinda springi, mlango hufunguka. Kwa springi peke yake, gari la aina yako hukaa karibu na 0.5 hadi 0.7. Presha yote iliyo juu ya hapo huletwa na solenoidi, valvu ndogo ya umeme inayoongozwa na kompyuta, ambayo humwaga sehemu ya hewa inayokwenda kwenye kopo ili mlango uchelewe kufunguka. Kwa maneno mengine, gari lako linatembea kwa springi tu, na solenoidi ama haifanyi kazi, ama inafanya kazi isiyo na faida.

Umesema mipira yote ilibadilishwa. Hapo ndipo ningeanzia. Katika Subaru za miaka ile, ndani ya mpira mfupi unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye kiungo cha njia tatu kuna kipande cha shaba kisichozidi sana punje ya hindi, chenye tundu jembamba katikati. Kinabana hewa inayoingia, ili solenoidi iweze kumwaga haraka kuliko kopo linavyojazwa. Anayebadilisha mipira bila kujua huutupa mpira wa zamani pamoja na kipande hicho, na tangu siku hiyo kopo hupata hewa tele, solenoidi inamwaga mpaka ichoke, presha isipande juu ya springi. Nimekutana na jambo hili mara tatu gerejini kwetu, na mara zote tatu mwenye gari alikuwa amekwisha kununua kitu cha kuongeza presha. Ubovu wa upande wa pili ni wa kuogopwa zaidi: mpira unaokwenda kwenye kopo ukichomoka au ukipasuka, kopo halipati habari yoyote, mlango unabaki umefungwa, na presha inapanda bila wa kuizuia.

Baada ya hapo pima uvujaji. Tafuta kipande cha bomba la plastiki kinachoingia vizuri kwenye mpira mpana wa mdomo wa turbo, kizibe upande mmoja, ukitoboe na kuweka valvu ya tairi. Injini ikiwa imezimwa, jaza hewa taratibu hadi 0.7, usipite 1.0, wala usisimame mbele ya kizibo, kwa sababu kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati. Kisha pitisha sponji yenye maji ya sabuni kwenye kila kiungo, hasa mipira miwili ya kipoza hewa kilicho juu ya injini. Gari lako linapima hewa kwenye kihisi kilicho karibu na chujio la hewa. Hewa inayotoroka baada ya kihisi imekwisha kuhesabiwa, hivyo kompyuta inatoa mafuta kwa ajili ya hewa ambayo haipo, na turbo inakimbia zaidi kuifidia.

Jambo ambalo watu wa Uingereza hawatakuambia, kwa kuwa haliwahusu, ni mwinuko. Lubumbashi iko zaidi kidogo ya mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya nje hapa ina presha ya takriban bar 0.88, ilhali Dar es Salaam ni 1.01. Geji yako inaonyesha tu kile kilichoongezwa juu ya hewa ya nje. Kwa hiyo 1.2 ya pwani ni jumla ya 2.21 ndani ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda), na turbo imeizidisha hewa karibu mara 2.2; lakini 1.2 ya hapa kwetu ni jumla ya 2.08 tu, na turbo imeizidisha karibu mara 2.4. Umepata hewa kidogo kuliko mwenzako, na turbo imefanya kazi kubwa kuliko yake.

Kazi hiyo hulipwa kwa joto. Hewa ikiingia ikiwa nyuzi 30, na turbo ikiwa na ufanisi wa asilimia 70, kuizidisha mara 2.0 huitoa ikiwa karibu na nyuzi 125. Ukitaka hapa jumla ile ile ambayo pwani huipata kwa 1.0, lazima uizidishe mara 2.3, na itatoka karibu na nyuzi 145. Hiyo ni kabla ya vumbi letu la Agosti kuziba chujio. Kompyuta ya Subaru inalijua hili, ina kihisi cha hewa ya nje, na hupunguza presha inayoilenga kadiri unavyopanda juu. Ukitengeneza kila kitu ukapata 0.9 au 0.95, gari lako ni zima.

Likasi_Express

Fundi, kwa heshima, naona unamtisha kijana. Mimi nina Impreza ya miaka hiyo hiyo yenye valvu ya skrubu, nimeiweka 1.4, na mwaka wa pili sasa unakwisha bila tatizo. Skrubu yangu niliikaza mara moja tu, sijaigusa tena. Mambo ya kompyuta na vihisi ni ya watu wenye fedha za kuchezea.

Mama_wa_Nyawera, Bukavu

Ndugu wa Likasi, sikukatalii kwamba gari lako linatembea. Naomba tu niwaeleze lililotokea kwetu, kwa sababu nalo lilitembea, tena vizuri, mpaka siku moja.

Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu alikuwa na Toyota Caldina GT-T, injini ya 3S-GTE. Gereji moja ya hapa mjini ilifupisha fimbo ya kopo la turbo kwa kukaza nati yake, ili springi ianze kazi ikiwa imebanwa. Walilijaribu barabarani kwa sekunde kumi, sindano ikapanda, wote wakafurahi, wakalipwa. Kwa mwezi mzima mjini halikuonyesha dalili yoyote, na sababu ni wazi: katika barabara za Bukavu, zenye mashimo na msongamano, hakuna anayekanyaga mafuta kwa zaidi ya sekunde tano. Siku hiyo alikuwa akitoka Uvira na watu wanne na mizigo. Kutoka Kamanyola, kwenye uwanda wa Ruzizi, barabara hupanda ukingo wa Ngomo, kona juu ya kona, gia ya pili na ya tatu, injini imejaa mzigo kwa dakika nyingi mfululizo na upepo wa kukipooza kipoza hewa haupo kwa sababu mwendo ni mdogo. Alisikia mlio kama changarawe ikitikiswa ndani ya kopo la maziwa. Alidhani ni jiwe limeingia chini ya gari. Aliongeza sauti ya redio, akaendelea.

Pistoni yake ninayo hapa kazini, juu ya rafu. Kwa juu ukiiangalia haina neno. Ukiigeuza ubavu utaona ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka kipande chenye urefu wa kidole gumba, na mahali palipomeguka pana rangi ya kijivu kama majivu ya makaa. Bujii (plagi ya cheche) ya silinda hiyo ilikuwa na vidoadoa vidogo vinavyong'aa kwenye kauri yake nyeupe. Vidoa hivyo ni alumini ya pistoni yenyewe.

Mlio wa changarawe ndio tunaouita kugonga. Mafuta yaliyobanwa na kupashwa joto kupita kiasi hulipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujayafikia, na kila mlipuko ni kama nyundo juu ya pistoni. Presha zaidi, joto zaidi, cheche ya mapema zaidi, mchanganyiko wenye mafuta machache zaidi, oktani (uwezo wa esansi kuhimili kugonga) ndogo zaidi: kila kimoja kati ya hivyo kinasogeza injini karibu na nyundo hiyo. Valvu ya skrubu inagusa kimoja tu, na haikwambii kama vingine vimebakiza nafasi.

Kuhusu esansi, Katuba, kumbuka gari lako lilipangwa kwa esansi ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kanuni yao oktani haipungui 96, na mara nyingi huuzwa ikiwa 98 hadi 100. Kwenye kituo ninachonunua mimi, pampu haina namba yoyote ya oktani. Hesabu kwamba unayo ndogo kuliko hiyo, na uiachie kompyuta nafasi ya kujitetea. Zaidi ya hayo, usijaribu presha mpya kwa esansi ya makadafi, wale wauza vidumu wa kando ya barabara. Sisemi wote wanachanganya, lakini kidumu kilichobeba mafuta ya taa jana hakisafiki kwa kusuuzwa kwa maji, na mafuta ya taa kidogo tu ndani ya tangi yanatosha kuishusha oktani. Nunua kituo kimoja, kila mara hicho hicho, ujue injini yako imezoea nini.

Mkazi_wa_Katuba

Mama, Fundi, aksanti sana. Nimesoma mara mbili, na Jumapili nimeshinda chini ya boneti.

Kipande cha shaba hakikuwepo. Nilipasua ule mpira wa buluu kwa wembe ili nisibahatishe, ndani mlikuwa mtupu. Lakini chini ya tairi la akiba nilikuta mfuko wa plastiki ambao sijawahi kuufungua tangu ninunue gari, una nati, vibano vilivyooza kwa kutu, na mipira myeusi iliyokauka na kupasuka. Katika mmoja wao, ukiubonyeza kwa vidole, unasikia kitu kigumu katikati. Nimekisukuma kwa msumari butu, kikatoka, tundu lake limezibwa na uchafu mweusi. Nimekisafisha kwa esansi, nimekirudisha mahali pake katika mpira mpya, na kukifungia kibano cha waya pande zote mbili kisisogee.

Kwenye maji ya sabuni nimekuta uvujaji mmoja, kiungo cha kipoza hewa upande wa turbo. Povu lilikuwa likifura kama sufuria ya maharage. Kibano kilikuwa kimekazwa juu ya ukingo wa bomba badala ya nyuma yake.

Sasa gia ya nne inanipa 0.95, ikishuka hadi karibu 0.8 mizunguko ikipita 6,500 kwa dakika. Gari limekuwa jingine kabisa. Hata hivyo nakiri bado natamani kidogo juu ya hapo. Fundi, kama ni gari lako, ungeendeleaje?

Fundi_Kamalondo

Ndilo gari ulilolinunua, hilo sasa. Kabla sijakujibu, nimwambie kidogo ndugu yangu wa Likasi. Yaya, sina shaka na namba yako ya 1.4, nina shaka na kile ambacho namba hiyo haisemi. Kompyuta ya gari lako ikisikia kugonga hurudisha cheche nyuma, yaani huichelewesha, na gari hupoteza nguvu kimya kimya. Huenda umekuwa ukiendesha 1.4 yenye nguvu ya 1.0 kwa miaka miwili, ukilipia joto lake lote. Unganisha kompyuta ya mkononi kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, usome ni kiasi gani cheche inarudishwa nyuma ukiwa umekanyaga. Ikiwa ni sifuri, nitakununulia chakula cha mchana mimi mwenyewe.

Katuba, ningefanya hivi.

Nisingeanza na presha. Ningeanza na macho ya kuona ndani ya injini. Kihisi cha oksijeni kilichotoka kiwandani katika magari mengi husema tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya kiwango cha kawaida cha 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, na hakifai kwa injini iliyo chini ya presha. Nunua kihisi cha upeo mpana chenye geji yake, kichomelewe kwenye bomba la moshi baada ya turbo. Ukikanyaga mpaka chini, unataka kuona kati ya 11.0 na 11.5. Ikikaribia 12 huku presha ipo, inua mguu. Hii ndiyo fedha ya kwanza kutumia, kabla ya ile dola 80.

Bujii ubadilishe, uweke za daraja moja baridi zaidi, pengo lake karibu milimita 0.7, kwa kuwa presha ikizidi cheche hupata shida kuruka pengo pana. Oili ibadilishwe mapema kuliko inavyoandikwa. Na kwa kuwa injini yako ni ile yenye kugeuza muda wa kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini), kuna bolti inayopitisha oili kwenda kwenye turbo yenye chujio dogo la waya ndani yake. Likiziba, turbo hufa kwa kukosa oili hata kama presha ni ya kiwandani. Itoe, iangalie. Wengi huikumbuka wakati shafti ya turbo imekwisha kucheza.

Kisha valvu ya skrubu isahau. Kuongeza presha maana yake ni kuongeza hewa, na hewa mpya inataka mafuta yake na muda wake wa cheche. Vyote vitatu vimo kwenye jedwali la kompyuta, na kompyuta ya gari hilo inaandikika upya kwa waya na kompyuta ya mkononi. Anayekuandikia, hata akiwa mbali, lazima aandike kwa kufuata rekodi za gari lako na esansi yako. Faili iliyotengenezwa kwa esansi ya Japani na hewa ya usawa wa bahari haina kazi hapa, hata kama ni gari pacha na lako. Mwambie aache kikomo cha kukata mafuta, akipandishe kidogo tu juu ya lengo jipya, asikifute.

Kupanda kwenyewe kuwe kwa 0.05, si zaidi, kila hatua siku yake. Injini ipate joto lake la kawaida kwanza. Gia ya nne, kuanzia mizunguko 2,500 hadi 6,500, mara mbili, ukipumzika katikati mpaka kipoza hewa kirudi kwenye joto lake, maana kikiwa juu ya injini hufyonza joto lote gari likisimama. Aliyekaa kando yako ndiye asome skrini, wewe uangalie mbele. Ukirudi, soma rekodi tatu kwa pamoja: mchanganyiko, presha, na jinsi cheche ilivyorudishwa nyuma. Kurudishwa kidogo mara moja kunaweza kuwa kelele tu. Kukitokea mahali pale pale katika mara zote mbili, ni kugonga, na unarudi hatua moja chini bila mjadala. Tazama zaidi kati ya mizunguko 3,000 na 4,500. Watu huogopa mwisho wa geji, ilhali injini hizi huumia pale katikati, presha imejaa na pistoni bado inakwenda polepole, moto una muda mrefu wa kufanya uharibifu. Kwa sababu hiyo hiyo usikanyage mpaka chini ukiwa gia ya tano kwenye mizunguko 2,000 nyuma ya lori la shaba, hata kwa presha ya kiwandani. Shusha gia kwanza.

Bomba lako pana la moshi nalo lina neno lake. Moshi ukitoka kwa urahisi mno, ule mlango wa pembeni unaweza kuwa mdogo kwa kazi yake, na presha ikazidi kupanda pamoja na mizunguko hata kama solenoidi haifanyi kitu. Kipimo chake ni rahisi: chomoa plagi ya umeme ya solenoidi, uendeshe kwa springi tu, na uone kama sindano inakaa palepale hadi mizunguko ya juu. Ulipokuwa na 0.65 ulisema haitikisiki, kwa hiyo naamini uko salama, lakini rudia kipimo hicho asubuhi yenye baridi ya Juni au Julai, hewa ikiwa nzito. Ikipanda yenyewe, hakuna skrubu wala kompyuta itakayoizuia. Tundu la mlango litapanuliwa kwa kusaga, na hiyo ni kazi ya kuifungua turbo.

Angalia pia injekta, zile zinazopuliza mafuta, zinakaa wazi kwa asilimia ngapi ya muda. Zikipita 85, mafuta yamefika mwisho wake na presha imefika mwisho wake.

Kwa esansi yetu, kwenye mwinuko wetu, na turbo hiyo hiyo ya kiwandani, mimi nisingepita 1.1 kwenye geji. Lile lengo lako la 1.2 lingekuwa la maana ungekuwa na mafuta ya Japani. Juu ya 1.1 utaona sindano inapanda na gari haliendi, kwa kuwa turbo inasukuma hewa moto na kompyuta inarudisha cheche nyuma kuliko ulichoongeza.

Mzee_wa_Kolwezi

Nimewasoma kwa furaha. Niongeze tu kwamba mwinuko na turbo ni ndugu wa zamani. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege ya Liberty kwenye mlima wa Pikes Peak huko Marekani, karibu mita 4,300 juu ya bahari, kuthibitisha kwamba turbo inaweza kuirudishia injini nguvu ambayo hewa nyepesi imeinyang'anya. Sisi tuko mita 1,200 na 1,400 tunabishana na Waingereza.

Kijana, kuhusu mahali pa kujaribia: barabara ya Likasi si mahali pake. Malori yanatoka kwenye vichaka bila taa, na gari likikatika mafuta mbele ya lori lililobeba tani 30 hutapata muda wa kusoma geji. Mimi huomba ruhusa kwenye uwanja wa kampuni ninapofanya kazi, Jumapili asubuhi, lango likiwa limefungwa. Tafuta mwenye uwanja kama huo, umpelekee soda.

Tena uangalie vipimo unapolinganisha. Geji yako ya Kijapani ikisema 1.0 ni bar 0.98, na ni paundi 14.2 kwa inchi ya mraba. Tofauti ni ndogo, lakini nimeona mtu akiandikiwa paundi 17 akasoma 1.7.

Likasi_Express

Fundi, nimeunganisha waya leo mchana. Kwenye mizunguko 3,600 cheche inarudishwa nyuma nyuzi 6 za mzunguko wa injini, na haikutokea mara moja tu, imetokea kila nilipokanyaga. Nimelegeza skrubu hadi 1.0. Hicho chakula cha mchana nadhani nitakilipa mimi.

Mkazi_wa_Katuba

Nimeamua kukaa na 0.95 ya kiwandani mpaka kihisi cha upeo mpana kitakapofika. Nimekiagiza kupitia mtu wa Dar, kitakuja na mzigo wake mwingine. Chujio la bolti ya oili nimelitoa jana: nusu yake ilikuwa imeziba kwa kitu cheusi kinachonata kama lami, nimelisafisha na kuhesabu kilomita. Nimejaribu pia kuchomoa plagi ya solenoidi kama Fundi alivyosema, sindano ikasimama 0.65 mpaka mizunguko 7,000.

Fundi, swali moja dogo limebaki. Bomba langu pana lina mkunjo mara tu baada ya turbo, kisha linanyooka kwa karibu nusu mita kabla ya kuingia chini ya sakafu. Mchomeleaji aweke tundu la kihisi kabla ya mkunjo au baada yake?

Fundi_Kamalondo

Baada yake, kwenye sehemu iliyonyooka, mbali kidogo na joto la turbo. Kielekee juu, kati ya namba 10 na namba 2 za saa ya ukutani, maji yasijikusanye ndani yake asubuhi na kukipasua. Mwambie atoe bomba garini kabla ya kuchomelea, na kama hataki, achomoe betri kwanza.